Chembe za Mwisho za Kioo

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Kwa Dada yangu mpendwa,

Shikamoo Dada. Natumaini barua hii itakukuta uvimbe wa miguu umepungua, na kwamba asubuhi unaweza kujikokota hadi kibarazani ukaota jua kidogo. Mimi mwili ni mzima. Nakula, usingizi unakuja kwa kubembelezwa, na kile kikohozi nilichotoka nacho nyumbani kilinichoka chenyewe njiani.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kulia tu. Wewe ukianza na mimi nafuata, halafu laini inakatika na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Hapa nina meza, nina kalamu, na hakuna wa kunikatiza. Najua tabia yako ya kusoma mwisho kwanza. Hata riwaya ulikuwa unaanzia ukurasa wa nyuma uone nani kaolewa na nani kafa. Safari hii nakuomba uende nami polepole, maana nilichokifanya huku hutakielewa bila kupita nilikopita.

Kabla ya yote, pole. Watu wananipa pole mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyemzaa Chiriku, lakini miaka ile niliyokuwa nashinda kiwandani nikishona sare, kwako ndiko alikokuwa anarudi kutoka shule. Hata jina la Chiriku ulimpa wewe. Ulisema anaanza kuongea kabla hajafumbua macho, na akilala anaendelea ndotoni. Nakumbuka siku ulipomkalisha mchambue mchele, ukitumaini atatulia. Akakuuliza mawe yameingiaje kwenye mchele. Ukamwambia yametoka shambani. Akauliza yalifikaje shambani. Ukamwambia Mungu ndiye aliyeyaweka. Akauliza Mungu aliyatoa wapi, na wewe ukamwachia ungo mzima ukaenda zako kulala. Niliporudi nilimkuta amepanga yale mawe mstari, makubwa huku, madogo kule, na mchele hajaugusa.

Habari za kifo chake ulizipata kwa mkato tu, kwamba wimbi limemchukua. Hapa nimeelezwa vizuri. Meli yao haivui samaki, inavua mawe. Wanashusha kapu la minyororo kwa kamba ndefu hadi chini kabisa, linakwaruza sakafu ya bahari, kisha wanalivuta juu na kuona limeleta nini. Siku ile kapu lilinasa. Kamba ikakaza, meli ikalala upande, na Chiriku alikuwa nyuma pamoja na wenzake wakisubiri. Alikuwa amevaa koti la kuokolea, hakuwa mzembe. Wimbi likapanda kwa nyuma, na liliposhuka wenzake wote walikuwapo isipokuwa yeye. Walizunguka pale mpaka mafuta yakabaki ya kurudia tu. Nahodha mwenyewe alikuja kuniona, mtu mzima mwenye mvi, akashindwa kukaa kwenye kiti nilichompa. Alisimama mlangoni akageuza geuza kofia mkononi mpaka nikamwonea huruma.

Kwa hiyo hakuna mwili, na hautapatikana. Hilo tulilijua tangu nyumbani. Ndiyo maana siku unanisindikiza uliniambia neno moja tu, kwamba nisirudi mikono mitupu. Ulisema umeshawaambia wachimbaji watenge nafasi ubavuni mwa kaburi la Mama, na kama bahari imemng'ang'ania, basi tutazika chochote alichokishika kwa mikono yake, ili tupate mahali pa kwenda kukaa. Neno hilo nilitembea nalo kama mzigo wa kichwani. Niliogopa hata kugeuka.

Nilianzia chumbani kwake. Ni chumba kimoja juu ya duka la rangi, ngazi zake ni za chuma na zinapiga kelele. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri upande mmoja na upande mwingine shuka inaning'inia, vilevile kama alivyokuwa akitandika kwako ukamfokea. Birika lilikuwa na maji ya nusu. Kwenye kamba ya dirishani kulikuwa na soksi moja. Nilitafuta ya pili chini ya kitanda, nyuma ya kabati, kwenye viatu, sikuiona. Dada, nililia kwa ajili ya soksi kuliko nilivyolia uwanja wa ndege.

Nilikusanya nguo, lakini kila nikishika gauni naona nilishona mimi. Mikono yangu imo humo kuliko yake. Vitabu ni vya maktaba. Vikombe ni vya mwenye nyumba. Nikajiambia kwamba mtoto huyu mikono yake ilikuwa kazini, basi niende huko.

Kazini kwake ni jengo refu lenye korido ndefu, sakafu inateleza kwa usafi. Aliyenipokea ni kijana wanayemwita Babu. Hajafika hata miaka thelathini, lakini anavaa sweta la vifungo mchana kutwa, analalamika kuhusu baridi na magoti, na akikaa anaguna kama mstaafu, ndipo wenzake wakampa jina hilo. Alikuwa akikaa meza moja na Chiriku. Aliniambia kwamba mwanangu ndiye aliyembatiza, na kwamba kwenye siku yake ya kuzaliwa alimletea fimbo ya kutembelea. Aliposema hivyo alicheka, halafu akajifanya anatafuta funguo.

Babu ndiye aliyenielewesha kazi yao, na mimi nitakueleza kama nilivyoelewa, ukiona nimekosea unisamehe. Chini ya bahari kuna milima mirefu iliyopangana safu, na katikati ya safu hiyo ardhi inaachana, kila upande unakwenda zake, taratibu kama kucha zinavyoota. Pale inapoachana, jiwe la moto linapanda kutoka chini. Likikutana na maji ya baridi, ngozi yake ya nje inaganda papo hapo na kuwa kioo cheusi, kama chupa ya dawa. Jiwe lenyewe ni basalti, na kile kioo ndicho wanachokitaka, kwa sababu maji ya bahari hayajakiharibu. Kinakuwa bado kimehifadhi siri ya kule kilikotoka. Kule chini wanakuita koti la dunia. Nilimuuliza Babu koti hilo limeshonwa na fundi gani. Akasema Chiriku alimwambia kuwa mama yake akifika atauliza swali hilohilo.

Hakuna mtu anayeweza kwenda huko kwenye koti. Hakuna shimo linalofika. Kwa hiyo wanaliuliza jiwe lililotoka huko. Ndani ya kile kioo kuna risasi kidogo mno, ile risasi ya betri na mabomba, na risasi hiyo si ya namna moja. Kuna nyepesi na kuna nzito, kama ndugu wa tumbo moja wanaofanana sura ila mmoja ana mifupa mizito. Wenyewe wanaziita isotopu. Ukijua nyepesi ni ngapi kwa nzito, unajua jiwe limetokana na nini, na kama chini huko kumechanganyika na kitu cha zamani sana. Kuzihesabu kunataka mashine iliyojaa chumba kizima. Wanayeyusha kioo katika tindikali, wanakichuja tone kwa tone, wanalipaka tone la mwisho kwenye uzi mwembamba wa chuma, wanauchoma uzi huo hadi risasi iruke, na sumaku inazipinda njiani. Nyepesi zinakata kona upesi, nzito zinapitiliza. Mimi ninayetunga uzi kwenye sindano kila siku niliuangalia uzi ule nikashindwa kuelewa macho gani yanauona.

Lakini kabla ya mashine kuna kazi ya mkono, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Chiriku. Kioo kinavunjwa vipande vidogo kama punje za chumvi, vinamwagwa kwenye kisahani chini ya hadubini, na mtu anakaa na kibano anachagua kimoja kimoja. Chenye doa anatupa, chenye ufa anatupa, kisafi anaweka. Babu alinikalisha kwenye kiti chake nikachungulia. Dada, ni kuchambua mchele. Kuchambua mchele hasa, shingo imeinama, pumzi imebanwa. Mtoto aliyekushinda kwa ungo ameajiriwa kuchambua maisha yake yote. Nilitamani ungekuwapo nikuone uso.

Sasa nisikilize kuhusu kichupa. Katika mawe waliyovua safari ya kwanza kulikuwa na moja dogo, kioo chake ni kiasi cha kupima mara mbili tu. Chiriku alichambua chembe zake, akazigawa, akapima fungu la kwanza. Namba iliyotoka haikufanana na ya mawe mengine yoyote ya eneo lile. Ilionyesha kwamba chini ya mahali pale kumechanganyika kipande cha sakafu ya bahari ya kale mno, kilichozama zamani na kuanza kupanda tena. Unakumbuka ile simu aliyotupigia akipiga kelele hadi ukasogeza sikio? Ilikuwa siku hiyo. Sisi tulielewa tu kwamba amefurahi.

Profesa wake, mama mmoja mrefu, mpole, anayeongea kama anapima kila neno kwenye mizani, alimwambia kwamba namba moja si namba. Apime fungu la pili, zikifanana, wataitangazia dunia. Chiriku akagoma. Alisema ikitokea vumbi likaingia, au tone likamwagika, atakuwa amemaliza jiwe na hana kitu. Alisema afadhali arudi baharini palepale, ashushe kapu, alete kioo kingine cha kutosha. Akajiandikisha safari. Ndiyo safari ile.

Umeelewa, Dada? Mimi ilinichukua muda kuelewa. Niliketi kwenye kile kiti nikamwomba Babu arudie. Mwanangu alikwenda baharini mara ya pili kwa sababu hakutaka kumaliza zile chembe. Kichupa kilikuwa kimebaki kabatini, kina maandishi yake kwa wino wa kijani, akakifungia, akaondoka kwenda kukitafutia wenzake.

Pale maabara wana desturi yao. Chembe za mwisho za jiwe lolote haziingii kwenye tindikali mpaka aliyezichambua atamke mwenyewe kwamba haya, ziende. Profesa aliniambia kwamba zamani mtu mmoja aliwahi kuyeyusha chembe za mwenzake aliyekuwa likizo, na wawili wale hawakusalimiana tena mpaka mmoja akastaafu. Tangu hapo wakawekeana sharti hilo, na halijavunjwa. Kwa hiyo tangu Chiriku afe, hakuna aliyekigusa kile kichupa. Wafagiaji walikuwa wanapangusa kabati wakikizunguka.

Profesa alikitoa akakiweka mbele yangu mezani. Akasema hawawezi tena kumuuliza mwenyewe, na yeye haoni mwingine wa kumuuliza isipokuwa mimi. Nikitaka nikichukue, ni changu, hakuna atakayeninung'unikia. Nikitaka kiende kwenye mashine, kitakwenda. Alisema yote mawili ni sawa kwake, na nisimwangalie usoni nikitafuta jibu, kwa sababu atageuka dirishani. Kweli akageuka.

Nilikichukua. Dada, nilikichukua bila kufikiri, kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea. Hiki ndicho ulichonituma. Si gauni nililoshona mimi wala kikombe cha mwenye nyumba. Ni kitu alichokishika kipande kwa kipande kwa mkono wake, tena kimetoka chini ya bahari ileile aliyomo. Nilikifunga kwenye leso, nikakiweka ndani ya nguo, kifuani. Njia nzima hadi chumbani nilikuwa naona lile shimo dogo ubavuni kwa Mama na wewe umekaa kwenye kiti kando yake.

Nilikaa kitandani kwake alasiri nzima nimekishika. Nakuambia kweli, kwanza nilikipenda, halafu nikakichukia. Nilikiuliza kama mtu mzima mwenzangu, kwamba wewe ni nini hasa hata mtoto afe kwa kukuonea huruma? Nikakitikisa. Kinatoa sauti ndogo sana, kama chumvi kwenye karatasi. Halafu nikaogopa nimevunja kitu, nikaomba radhi peke yangu mle chumbani.

Hata hivyo nilikuwa nimeamua kuja nacho. Jua hilo. Nilikata tiketi ya kurudi nikiwa nacho kifuani.

Siku iliyofuata nilikwenda kuwaaga. Babu alinisindikiza hadi chini getini, anaguna kwenye ngazi kama kawaida yake. Nadhani aliniona nina wasiwasi, akataka kunipoza moyo. Akaniambia nisijali hata kidogo kuhusu kazi ya Chiriku, kwamba haitapotea. Yeye mwenyewe ameshajiandikisha safari ijayo. Ameomba meli ipite palepale, kapu lishushwe palepale, alete kioo kipya, na namba ya Chiriku isimame. Alisema hivyo kwa furaha, kama mtoto anayekuonyesha zawadi aliyoificha.

Nilimuuliza kama kuna njia nyingine ya kujua. Akasema ipo moja, na akaangalia mahali nilipoweka mkono, kifuani, halafu akaona haya akaangalia viatu.

Nilimuuliza kama mama yake anajua kuhusu safari hiyo. Akacheka. Alisema mama yake ana mdomo kama king'ora, tangu yatokee ya Chiriku akisikia neno meli anazimia kwanza ndipo agombe, kwa hiyo atamwambia akisharudi. Alisema akina mama mambo mengine ni heri wayajue yakiwa yamepita. Kisha akakumbuka anaongea na nani, akaufunika mdomo wake kwa mkono, akaniomba msamaha mara nyingi sana.

Sikumkasirikia. Nilimtazama tu lile sweta lake, kifungo kimoja kinaning'inia kwa uzi, na nikamwona mama yule nisiyemjua akiosha vyombo mahali fulani, redio inaimba, na nahodha mwenye mvi yuko njiani anakuja kusimama mlangoni kwake ageuze geuze kofia.

Dada yangu, hapo ndipo nilipofanya nilichokifanya. Nilipanda ngazi tena, Babu anakuja nyuma ananiuliza nimesahau nini. Niliingia kwa Profesa, nikaifungua leso mbele yake, nikasema haya, ziende. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika, kwamba zikiingia kwenye tindikali hakuna kinachorudi, hata majivu. Nikamwambia nina hakika, ila nina sharti. Zikishapimwa, zikifanana au zisifanane, kijana huyu afute jina lake kwenye meli. Babu akaanza kubisha. Nilimwambia anyamaze, wakubwa wanaongea. Akanyamaza papo hapo, na Profesa akasema hajawahi kuona mtu akimnyamazisha Babu, hata Chiriku hakuweza.

Kazi ile haina haraka. Niliahirisha kurudi nikawa nashinda pale, kwa kuwa chumbani kuta zinasema. Ndani kwenyewe sikuruhusiwa, nilikaa nje ya ukuta wa kioo nikiwaona wamevaa magauni meupe na kofia, wanatembea taratibu kama watu wenye mtoto mchanga aliyelala. Niliona magauni yenyewe yamefumuka makwapa, nikaomba niyashone. Wakakubali, ila wakanikataza pini na vifungo vya chuma, vumbi la chuma ni adui yao. Nimeshona maisha yangu yote, sijawahi kusikia fundi anayekatazwa pini. Niliweka alama kwa chaki, nao wakasema chaki pia hapana. Basi nikawa nashona kwa macho. Gauni la Chiriku nalo lilikuwamo, lina wino wa kijani mfukoni. Nilishona kwapa lake pia nikalirudisha kwenye ndoano yake.

Siku ya jibu, Babu ndiye aliyetoka kwanza. Alikuja akitabasamu meno yote nje, akasema zimefanana, mama, zimefanana kabisa, Chiriku alikuwa sahihi. Lakini alikuwa anaziambia kuta, na mikono yake ameificha kwenye mikono ya sweta. Mtoto akidanganya unamjua, hata asipokuwa wako. Nilimshika tu bega, na kijana wa watu akaanza kulia.

Profesa akaja akakaa nami kwenye benchi la korido, akaniambia ukweli bila kuupamba. Fungu la pili limetoa namba ya kawaida, sawasawa na mawe yote ya jirani. Akarudi kuichunguza namba ya kwanza, akailinganisha na risasi ya vumbi la mjini, ile inayotoka kwenye rangi za kuta na moshi na waya, na akaona inaelekea huko. Ni chembe ya vumbi isiyoonekana, iliyoingia siku ile ya kwanza. Pengine ilitoka kwenye mlango, pengine kwenye nywele za mtu, hakuna atakayejua. Alisema limewahi kumkuta hata yeye, na linamkuta kila anayefanya kazi hii muda mrefu. Chini ya mahali pale hakuna sakafu ya kale inayopanda. Kuna koti la kawaida tu. Alisema hilo nalo ni jambo la kujulikana, na kwamba jina la Chiriku litawekwa kwenye kazi ya mawe yote aliyoyachambua, na namba zake nyingine zote ni safi.

Nilimshukuru, Dada, kwa sababu alisema kwa wema. Lakini sikufarijika, na sitaki kukudanganya kwamba nilifarijika. Mtoto wetu alikwenda kukifuata kitu ambacho hakikuwapo. Kilikuwa vumbi. Angepima fungu la pili kama alivyoambiwa, angenuna wiki moja, angetupigia simu akalalamika hadi masikio yatuume, na leo angekuwa hai. Nimeligeuza hili kila upande kama kitambaa, halina upande mzuri.

Babu amefuta jina lake. Profesa alinionyesha mwenyewe, na hakuna mwingine wa kwenda pale tena, kwa kuwa hakuna cha kutafuta. Nilimwambia Babu ampigie mama yake amweleze kila kitu, agombezwe vizuri. Alipiga nikiwa nimekaa karibu. Ile sauti niliisikia hadi nilipokuwa. Kweli ni king'ora. Nilitoka nje ya mlango nikaegemea ukuta nikaisikiliza mpaka ikaisha.

Basi narudi mikono mitupu. Nimejaribu kulisema hili kwenye simu mara nyingi, ulimi ukawa mzito, ukadhani ni laini mbaya. Ulichonituma nilikipata, nikakishika, nikakitoa. Hakuna kichupa, hakuna chembe hata moja. Nilimuuliza fundi wa mashine kama kuna kilichobaki chini ya chombo, akasema kilichobaki ni tone lililokauka kwenye ule uzi wa chuma, nalo limeungua. Ukinikasirikia una haki. Ukikataa kuongea nami kwa muda nitakuja hivyohivyo nikae jikoni kwako nikupikie, utaongea ukitaka. Waambie wachimbaji wafukie ile nafasi. Wasiiache wazi mvua ikaingia kwa Mama.

Nafika Ijumaa ya tarehe 26, Mungu akipenda. Usije kituoni na hiyo miguu, nitakodi gari. Nisalimie jirani mwenye mbuzi, na mwambie asante kwa kukuchotea maji. Msalimie fundi mwenzangu wa pale sokoni, gauni la mteja wake bado ninalo, nitalimaliza. Wape salamu wote wanaouliza, na wasiouliza waache.

Sina zaidi, Dada. Asubuhi ukisali, ukifika kwenye majina ya walio mbali, naomba unikumbuke.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Chiriku